Mutoto wa Nadine Anakataa Kutoka

Nadine, mudogo yangu, ni muntu wa kuchelewa tangu azaliwe. Ku misa anaingia wakati padri anatoa baraka, na sombe yake, ile mboga ya majani ya muhogo, inaiva wakati wengine wamekwisha kulala. Basi mimba yake ilipopita siku zake, mimi nilisema tu: mutoto amefuata mama. Nikacheka. Yeye hakucheka, na mimi nikajutia palepale, juu mara ya kwanza pia mimba ilipita siku zake, kule Buleusa kwa bwana yake, na mutoto alizaliwa akiwa amekwisha kufa.

Njo maana safari hii nilimutoa kule mapema. Nilimwambia bwana yake, Hilaire: "Bibi yako atazalia kwangu Karuba, hospitali iko karibu, na kama unataka kubisha, bisha sasa." Hilaire ni murefu mupaka anainama ku kila mulango, anatega nyama mu pori, anapasua miti na shoka, lakini mbele yangu hajabisha ata siku moja. Alibeba tu godoro.

Ku maternité ya hospitali walitupokea na muzalishaji mumoja anaitwa Aimée. Mufupi, sauti kali kama ya mwalimu wa primaire. Alimupima Nadine, akasikiliza tumbo, akapima tena, kisha akavua magans yake ya mikono.

"Maji ya mutoto imeanza kupunguka," akasema. "Hatungoje tena. Tutaanzisha uchungu na dawa."

Nadine akanishika kikwembe. Mimi njo nikauliza: "Sasa hiyo dawa inafanya nini?"

"Njia ya mutoto iko bado imefunga, na ngumu. Gusa ncha ya pua yako. Njo vile. Dawa itailegeza ikuwe laini kama mudomo." Mimi, mutu muzima, nikagusa pua, kisha mudomo. "Atakunywa kidogo, tutangoja, nitasikiliza moyo ya mutoto, atakunywa tena. Inaweza kuchukua siku nzima, ata mbili, musinisumbue na maswali. Kisha, kama uchungu iko na uvivu, nitaweka serum, ile chupa ya maji ya kutonya, mu mukono, na dawa ingine ndani. Ile haina huruma. Inabana kuliko uchungu ya kujianzia yenyewe, na inakuja karibu karibu. Utalia, Nadine. Ulie tu, hapa hatufunge muntu mudomo."

"Na ikikataa?" Nadine akauliza.

"Docteur atapasua. Lakini bado hatujafika kule." Kisha akainua kidole. "Kitu moja. Dawa ya majani, hapana. Ata kijiko. Ikikutana na dawa yangu, kizazi kinabana mupaka kinaweza kupasuka, na mutoto anakosa pumzi."

Alisema ile akiwa ananiangalia mimi.

"Unaniangalia kwa nini?"

"Juu wewe njo unaonekana mwenye kichwa nguvu."

Nilimupenda palepale, lakini sikumwambia.

Basi siku ya kwanza ikapita, na hakuna kitu. Nadine alikunywa dawa yake, akakula foufou na samaki ya sambaza, akatembea ku baraza mwendo wa bibi arusi, akamusuka nywele mama wa kitanda ya jirani. Mutu angemuona angesema amekuja mu vacances, kupumzika tu. Nikamwambia: "Wewe, umekuja kuzaa ao umekuja kufungua salon?" Akacheka. Lakini mbele ya jua kuzama aliniuliza polepole: "Dada, bado anacheza?" Nikaweka mukono ku tumbo. Alikuwa anacheza, tena kwa nguvu. Mbele ya kutoa mukono, akaniuliza tena.

Kesho yake asubui Hilaire akatokea, matope mupaka ku magoti, na nyuma yake mama yake, Mama Kasika. Mama Kasika ni muntu mudogo, mwembamba, anasalimia kila mutu na mikono mbili. Alikuwa na kapo yake amekumbatia ku kifua, na nilipotaka kumupokea, akakataa.

"Dawa alikunywa lini?" akauliza.

"Tangu jana, mama," nikajibu.

"Tangu jana! Na mutoto amekaa tu?"

Aimée alikuwa anapita na akasikia. "Ni kawaida, mama. Dawa hii iko naenda polepole."

Mama Kasika akatikisa kichwa kwa heshima, ile heshima ya muntu asiyekubali ata kidogo. "Siyo dawa, mwanangu. Kuna neno."

Wacha niwaelezee, juu sisi wa Karuba vitu ingine ya kwao inatushinda. Kwao kule, mutoto akikawia kutoka, maana yake kuna muntu mu famille amemeza neno. Ugomvi, wivu, uwongo, kitu yoyote. Mutoto anaisikia kule ndani na anaogopa kuingia mu nyumba ya watu wenye kufichana. Basi wanaketi wote, kila mutu anasema yake, anasukutua maji, anatema chini, imekwisha.

Mimi nikapanda hasira. "Mama Kasika, muzalishaji amesoma miaka, anajua njia iko ngumu, wewe unatuletea maneno? Mutoto mwenye kuwa mu maji atasikia nini?"

"Wewe ulisikia nini mu tumbo ya mama yako?" akanijibu, sauti pole kabisa. "Kelele. Na ulitoka nayo."

Nadine alicheka mupaka akashika kiuno. Ata Aimée, yule mukali, akageuka kuangalia ukuta. "Zungumzeni," akasema. "Maneno haigombani na dawa yangu. Lakini muende kule ku baraza, na Nadine akae kitako vizuri."

Tukaketi. Mama Kasika akaweka kopo ya maji mu katikati. Hilaire njo akaanza, jasho mu uso, na hapo kulikuwa baridi yetu ya Masisi.

"Nadine," akasema, "ile kuku yako mwekundu. Nilisema kicheche njo ilimukula."

"Eeh?"

"Siyo kicheche. Nilimuuza, nikanunua betri ya redio."

"Hilaire! Nililala bila usingizi siku ngapi nikitengeneza ile mulango ya kuku!"

"Nilikusaidia kuitengeneza," akasema, na ile ilikuwa kweli, maskini. Akatema maji. Mama yake akamuangalia bado. Akaongeza haraka haraka: "Na nyingine. Nilisema huyu dada yako Virginie akikufa, watamuzika, lakini mudomo yake itabakia inje inatoa amri."

Yoo! Nikasimama. Nikamwambia maneno yenye sitarudilia hapa. Nadine alicheka machozi yakamutoka, na katikati ya kicheko akanyamaza, akashika ubao ya kiti. Uso yake ikabadilika. Uchungu ya kwanza ilikuwa imefika.

"Munaona!" Mama Kasika akapiga mikono.

"Ni dawa," nikasema.

"Ni kuku," Hilaire akasema.

Wakaniuliza mimi yangu. Nikawaambia mimi sina neno ndani, mimi naambia muntu mu uso siku ileile. Wote watatu wakakubali kwa haraka yenye haikunipendeza. Nadine hatukumuuliza, juu ya uchungu yake. Ikabakia zamu ya Mama Kasika, na yeye akachukua kopo, akaishika tu. Akasema: "Mimi ni mama. Sina." Akaweka kopo chini, maji haikuguswa.

Mu muchana uchungu ikawa inakuja na kuenda ile ya uvivu, kama Aimée alisema. Basi wakamuingiza Nadine ndani, wakamuwekea serum. Mimi nilibakia karibu yake kumukamata mukono, Hilaire wakamufukuza inje, na Mama Kasika akasimama ku mulango na kapo yake. Tone moja, tone moja. Nikasema moyoni: maji hii ndogo hivi, itafanya nini?

Mungu wangu. Ilifanya. Nadine aliniminya mukono mupaka pete ikaingia mu nyama. Hakupata ata nafasi ya kukunywa maji katikati. Alilia, akaniita majina, akamuita Hilaire majina mabaya zaidi, akasema arudishiwe kuku yake. Mimi nilimujibu kila kitu, "ndiyo, ndiyo mudogo yangu," mimi Virginie, mwenye hajawahi kusema ndiyo kwa mutu.

Aimée alikuwa anasikiliza moyo ya mutoto kila mara. Mara hii akaweka chombo yake ku tumbo. Akahamisha. Akahamisha tena.

"Nini?" Nadine akauliza. "Nini? Aimée, nini?"

"Inaenda polepole. Geuka ubavu wa kushoto. Virginie, musaidie." Na mukono yake tayari ilikuwa inafunga serum.

Tukamugeuza. Nadine hakulia tena. Hicho njo kitu kilichonitisha, muniamini: alikuwa amenyamaza kabisa, macho wazi, kama muntu anayesikiliza kama kuna mutu mu nyumba. Mimi nilitaka kusema kitu cha kumuchekesha na sikukipata. Nikaogopa, njo kweli. Nikaogopa kurudi naye nyumbani mikono mitupu mara ya pili.

Pale ku mulango kapo ikaanguka. Mama Kasika alikuwa amepiga magoti ku sima, ile simenti ya chini.

"Ni mimi," akasema. "Nadine, ni mimi. Ile mara ingine, infirmier, muuguzi wa kwetu, aliniambia nikulete ku hospitali. Siku zimepita, waanzishe uchungu. Wewe ulikuwa ku shamba. Mimi nikasema mutoto siyo ndizi ya kuivisha kwa nguvu mu shimo. Sikukuambia. Nilimeza. Nikasema atakuja mwenyewe." Akaweka mikono mbili chini. "Hakukuja mwenyewe."

Akaingiza mukono mu kapo, akatoa chupa yenye maji ya kijani, majani yamesongana ndani, akamusukumia Aimée ku miguu. "Na leo nilileta hii. Niliogopa kungoja tena. Nilitaka kumupa mukiwa hamuangalie. Chukua. Mimi sijue tena kitu ya kufanya ni gani."

Mutu angesema mimi, na mudomo yangu, ningemuponda hapo hapo. Nilikuwa na maneno, mingi. Lakini Nadine njo akanitangulia kuongea, akiwa amelala ubavu, uso ukiangalia ukuta.

"Nilijuaka, mama."

Mama Kasika akainua kichwa.

"Infirmier aliniuliza kisha ya maziko. Akasema, mbona haukuenda, nilimutuma mama yako. Nikanyamaza. Nilikupikia, nilikufulia, nikingoja utaniambia siku gani." Akavuta pumzi. "Miaka mbili nilikuwa nakuchukia kila asubui nikikupa chai. Na mimi pia nilimeza, unaona."

"Nyamazeni," Aimée akasema. Siyo kwa hasira. Alikuwa na sikio yake ku tumbo. Tukanyamaza wote, ata Hilaire inje, ambaye alikuwa ameweka uso ku dirisha. Kisha Aimée akaanza kugonga kidole yake ku kitanda, taratibu, akifuata anachosikia, na kidole ikaongeza mwendo, ikaongeza tena.

"Amerudi," akasema. "Anakimbia vizuri."

Aimée anasema ni juu ya kufunga serum na kulala ubavu. Mama Kasika anasema yake. Mimi sikuulizwa, na kwa mara moja mu maisha yangu sikutaka kuulizwa.

Kisha pale mambo haikungoja mutu. Serum haikufunguliwa tena, uchungu ilikuwa imekwisha kujua njia. Mama Kasika alipelekwa ku baraza, akaenda bila kubisha. Nadine alisukuma, akapumzika, akasukuma. Inje nikasikia Hilaire anatubu peke yake kwa sauti, kitu kuhusu nyama ya kukausha na shemeji yake, na hakukuwa mutu wa kumwambia inatosha.

Mutoto akatoka. Mwanaume. Mwekundu, amejikunja, ngozi ya mikono inabanduka kidogo, vile wanakuwa wenye kukawia. Aimée akamupangusa, akamusugua mugongo. Akamusugua tena. Nilihesabu makosa yangu yote mbele ya Mungu, na mimi nilikuwa nimesema sina.

Kisha akalia. Jamani, alilia! Alilia kama muntu amekatizwa usingizi na anataka kujua ni nani. Nikasema, huyu ni wa kwetu kabisa. Nikasema na machozi ikiwa mu mudomo, na sione haya.

Hilaire aliingia, akagonga kichwa ku mulango, hakuona ata. Alimushika bibi yake, akamushika mutoto, akanishika na mimi, kisha akakumbuka mimi ni nani, akaniachilia.

Mama Kasika akabakia ku kizingiti. Nikamwambia aingie. Akaficha mikono yake mu kikwembe. "Hapana," akasema. "Nimeona. Inatosha. Mimi nitakaa hapa."

Mutoto alikuwa bado analia. Nadine, nywele zimemugandama ku uso, akamuangalia mama mukwe yake. Mimi namujua mudogo yangu, na sikujua atasema nini.

"Mama," akasema, "huyu iko nalia. Hausikie? Kuja umunyamazishe."

Mama Kasika akaingia na hatua za mutu anayeogopa sima itapasuka. Tukamuwekea mutoto mu mikono. Alimushika karibu na kifua, akainamisha uso, akatega sikio, na mutoto akazidisha kelele. Nilinyoosha mikono nimusaidie kumubembeleza, akanizuia na kiwiko.

"Muache," akaniambia. "Muache alie kwanza."