Mkanda wa Shemeji

Shemeji yake mchomeleaji alikuwa kalala chali kwenye tope, chini ya boriti ya juu alikoteleza, pale msimamizi wa kazi alipokuja na mkanda wa usalama mpya, bado unanuka stoo.

"Mvalishe," alisema.

Mchomeleaji akautazama. Mikanda ile ilitoka stoo siku za wageni na wapiga picha tu. Siku nyingine watu walipanda juu ya stesheni ile ya treni iliyokuwa ikijengwa kwa rehema za Mungu, chuma kikilowa mvua, juu ya bonde la maji machafu ambamo nguzo ukizisimamisha leo, kesho zimeinama.

"Bosi, ameshakufa."

"Kwani nimekuuliza? Wakaguzi wako njiani. Akikutwa hivi, mradi unafungwa, wote mnarudi nyumbani kufa njaa. Na wewe ndiye ndugu yake. Mheshimu, asiguswe na watu baki."

Ati heshima! Mchomeleaji alipiga magoti. Hakusikia uchungu, hakusikia hasira, mikono tu ilifanya kazi. Mwili ulikuwa na joto bado. Akapitisha kamba mapajani, akabana vifungo, akapangusa tope kwenye jina la kampuni.

"Ndoano iache ining'inie," alisema msimamizi. "Hakuifunga."

Wakaguzi walikuja, wakapiga picha, wakatikisa vichwa, wakaenda zao.

Jioni, msibani, dada yake alikuwa sakafuni na watoto wake. Jirani mmoja alinong'ona kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio, na minong'ono yake ilisikika hadi mlangoni.

"Kaka, niambie wewe uliyekuwepo," dada alisema. "Kampuni wanasema ni uzembe wake, hawalipi hata sanda. Kweli alikuwa na mkanda, akashindwa kufunga ndoano tu?"

Mchomeleaji alitazama mikono yake. Kesho alitakiwa kazini.

"Ndiyo, dada. Alisahau."

"Mpumbavu!" Dada aliupiga ukuta kwa kiganja. "Mpumbavu we! Hawa umemwachia nani?" Alilia mpaka sauti ikakauka. Halafu akamshika kaka yake kola ya shati.

"Na wewe kesho unapanda?"

"Napanda."

"Basi niapie. Niapie hutasahau kufunga mkanda wako."

Akaapa. Mikanda ilikuwa imesharudi stoo, chini ya kufuli, na ule mmoja ulikuwa umeoshwa, unachuruzika maji.