Aliyemwelekeza Dereva

Mama Pacha alikuwa mpokezi wa kiwanda cha kuchapa vitabu kwa miaka tisa, na miaka yote hiyo hakuwahi kuitwa kwa meneja akaambiwa afunge mlango. Siku hiyo aliambiwa.

"Haya maelezo ni yako?" meneja alimsogezea karatasi.

Yalihusu shehena ya karatasi iliyolowa. Juma lililotangulia dereva wa lori alifika mapokezi akauliza stoo iko wapi. Mama Pacha, simu ikiwa sikioni, akamnyooshea mkono: kule nyuma, pita kando ya jenereta. Kule nyuma kuna stoo mbili, mpya na kuukuu. Dereva akashusha mzigo kwenye ile kuukuu inayovuja, na mvua ya siku mbili ikafanya yake. Mwenye kiwanda hajui Kiswahili, kwa hiyo kila aliyehusika alitakiwa kueleza kwa Kiingereza.

"Ni yangu, bosi."

"Umeandika kwamba ulimwamuru dereva ashushe mzigo stoo kuukuu. Mpokezi ulipata wapi madaraka hayo?"

"Mimi? Sikumwamuru mtu! Aliuliza njia, nikamwonyesha."

"Na saini?"

"Ni yangu."

"Basi kesho asubuhi uniletee jibu linaloeleweka."

Kiingereza cha Mama Pacha kilikuwa cha kuombea maji. Maelezo yale alimsimulia wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu wa sekondari, naye akamwandikia kwa mkono. Mtunza stoo, mwenye kompyuta na printa, ndiye aliyeyachapa. Lakini jioni ile, akirudi nyumbani na nakala mkononi, Mama Pacha alimfikiria wifi peke yake. Alikumbuka harusini kwao, wifi akimnong'oneza shangazi kwamba kaka yake angepata msomi mwenzake. Alikumbuka pia alivyotabasamu akimkabidhi ile karatasi. Alikuwa anatabasamia nini?

Hakufika kwake. Alikata kona, akabisha kwa wifi.

Wifi alikuwa mezani, rundo la madaftari mbele yake, kalamu nyekundu mkononi.

"Wifi, hili neno *directed* maana yake nini?"

"Inategemea linafuatwa na nini. Likifuatwa na mahali, umemwonyesha mtu njia. Likifuatwa na kitendo, umemwagiza akifanye."

"Na mimi uliniandikia lipi?"

"La njia. Si ndivyo ulivyonisimulia?"

Mama Pacha akaitupa nakala juu ya madaftari. "Mbona meneja kasoma la amri?"

Wifi akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akasoma tena. "Hii sentensi si yangu."

"Kwa hiyo imejiandika?"

"Wifi, unanishuku mimi?"

Mama Pacha akayakwepa macho yake. Wifi akaweka kalamu chini taratibu.

"Ile ya mkono iko wapi?"

Ilikuwa ndani ya mkoba. Mtunza stoo alimrudishia pamoja na ile iliyochapwa, naye akasaini bila kulinganisha, angelinganisha nini? Wifi akazilaza mbili pamoja, akashuka na kidole mstari kwa mstari. Yote yalifanana mpaka mstari wa sita. Yeye aliandika kwamba dereva alielekezwa kwenye stoo za nyuma. Iliyochapwa, kwa neno lile lile, ilisema dereva aliagizwa ashushe mzigo stoo kuukuu.

"Nani kachapa?" wifi aliuliza.

"Mtunza stoo," Mama Pacha alisema kwa sauti ya chini.

Asubuhi meneja aliziweka karatasi zote mbili mbele ya mtunza stoo.

"Niliinyoosha tu sentensi," alisema. "Ilikuwa imekaa vibaya."

"Na hilo neno 'kuukuu' umelitoa wapi? Kwenye ile ya mkono halipo."

"Nilidhani ndivyo alivyomaanisha."

"Kupokea mzigo ni kazi yako. Lori linafika, wewe ulikuwa wapi?"

Mtunza stoo akatazama dirishani. Meneja akampa karatasi tupu, akamwambia aandike yake, kwa mkono, pale pale. Kisha akamruhusu Mama Pacha arudi kazini. Kama yule bwana alikusudia au alijifanya tu mjuzi, Mama Pacha hakujua, wala hajajua mpaka leo. Mama Pacha akimsalimia, yule bwana anaitikia nusu mdomo.

Jioni alirudi kwa wifi. "Nilikushuku. Nisamehe."

"Nilikuona jana, tangu ulivyoingia mlangoni," wifi alisema bila kuinua macho. Alisahihisha daftari moja, akachukua la pili. "Na lile la harusini nililisema kweli. Lilikuwa neno baya."

Kumbe wifi alijua siku zote kwamba Mama Pacha alilisikia. Mama Pacha akavuta kiti.

"Chai iko kwenye chupa," wifi akasema. "Mimina na yangu."

Wakanywa. Mama Pacha aliondoka vikombe vyote viwili vikiwa vimeoshwa.