Tiki ya Kijani

Fundi wa tovuti alimwambia Msajili wa chuo cha uuguzi kinagaubaga: fomu ya maombi bado. Inakagua tu, haihifadhi. Ukiandika namba ya simu pungufu, inakugombeza kwa maandishi mekundu. Ukisahau tarehe ya kuzaliwa, inakurudisha. Ukijaza sawasawa, inakupa tiki ya kijani na maneno matamu, "Taarifa zako ni sahihi," halafu inazimwaga zote, maana hifadhidata ya kuziweka haijaunganishwa.

"Nimekuelewa, kijana," akajibu Msajili.

Kumbe kuelewa kwenyewe ndiko huko! Fundi alipolazwa kwa homa, mzee yule akaifungulia umma fomu ile, eti wageni wakubwa wanakuja na yeye anataka kuwaonyesha chuo kimeenda na wakati. Watu wakajaza, wakapata tiki zao, wakalala usingizi mnono. Dirisha la maombi likafungwa. Walioitwa kwenye usaili ni wale tu walioleta karatasi kwa mkono.

Fundi alijua siku aliyorudi kazini, na aliyemjulisha ni dada yake mkubwa, kwa simu, kwa sauti ya kupasua ngoma za masikio.

"Mjomba mtu! Mtoto kajaza fomu yako wewe. Nilimwambia tupeleke karatasi, akasema, 'Mama, hii kaitengeneza mjomba, haina shaka.' Leo anaambiwa hakuomba! Tangu mdogo anautaka uuguzi huu, na wewe umemfutia kama vumbi!"

"Dada, hata sikujua kama imefunguliwa..."

"Tuko hapa getini, tunakuja huko huko!"

Simu ikakatwa. Mpwa wake mwenyewe! Akapanda ngazi mbili mbili hadi ofisini kwa Msajili, akamkuta anakoroga chai.

"Mzee, nilikwambia haihifadhi!"

"Hao walikosea kujaza."

"Wangekosea wasingepata tiki!"

"Basi ni mtandao."

Ebo! Mtandao, jamani. Kila uzembe wa watu wazima unabebeshwa mtandao, kwa kuwa hauna mdomo wa kujitetea. Mara mlango ukasukumwa. Dada akaingia bila hodi, na binti yake nyuma, kakumbatia bahasha ya vyeti, macho mekundu.

Msajili, kuona mama mwenye hasira za wazi, akajilainisha. "Karibu, mama. Hebu nione vyeti." Akapokea, akafunua kimoja kimoja. "Baiolojia, vizuri. Kemia, vizuri sana. Cheti cha kuzaliwa kipo. Picha ipo. Kila kitu sahihi kabisa." Akavirudisha kwenye bahasha, akamkabidhi binti huku akitabasamu. "Aombe tena mwakani."

Mwakani! Dada alifungua kinywa, na fundi alijua kitakachotoka humo kingewafukuzisha wote jengoni. Lakini binti akawahi.

"Samahani, mkuu. Jina langu nani?"

"Ah, wewe ni..." Msajili akanyoosha mkono kuelekea bahasha. Binti akaivuta kifuani.

"Umelisoma sasa hivi. Lipo kwenye kila cheti."

Mzee akamtazama binti, akamtazama dada, mwisho akamtazama fundi kama anayeomba kunong'onezwa. Fundi akatazama dari. Asingemsaidia hata kwa herufi moja. Mkubwa mzima akabaki anameza mate mbele ya mtoto wa watu.

"Na wenzangu je?" binti akauliza. "Wote waliambiwa sahihi."

Msajili akasukuma kikombe pembeni. Hatimaye Msajili akasema, bila kumtazama mtu, "Fundi, unganisha hiyo hifadhidata. Dirisha lifunguliwe upya, na tangazo litolewe kwamba kosa ni la chuo."

"Kosa ni la nani?" dada akauliza.

"Langu, mama."

Akakohoa, akamgeukia binti. Safari hii sauti yake ilikuwa ya chini. "Haya, niambie. Unaitwa nani?"

Binti akaitazama mikono ya mzee yule, mitupu juu ya meza.

"Shika kalamu kwanza, mkuu."