Chumba Kilichoitikia Hodi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimo ndani ya kompyuta ya zahanati, nimeshika nyundo. Sikushangaa. Mimi ni fundi, na ilinipasa kupunguza kiini cha mfumo, ile programu inayoendesha mashine nzima, kabla ya asubuhi, maana kumbukumbu ya mashine ile ni ndogo na programu ya kadi za kliniki haifunguki. Nesi Tunu alikwisha kuniambia: isipofunguka, kina mama watarudi tena nyumbani bila kadi.

Kiini kilikuwa ushoroba wenye vyumba vitatu, kila kimoja eneo lake la kumbukumbu. Viwili vimejaa. Cha tatu, kilichotengewa vifaa vya zamani, ni kitupu, lakini walinzi sita wamekaa mlangoni pake wakila nafasi. Wanaila kwa vijiko.

"Sheria ni ipi?" nauliza.

"Piga hodi mara tatu," anasema mmoja, mdomo umejaa. "Asipoitikia mtu, bomoa."

Napiga. Kimya. Napiga tena. Kimya. Ya tatu, chumba chenyewe kinaitikia: "Karibu, mwanangu."

"Shikamoo," nikasema, kwa kuwa kilinizidi umri.

"Marahaba. Ingia ukae."

"Nani yumo?"

"Hamna mtu. Ndiyo maana pa kukaa papo."

Mara ushoroba umekuwa baraza ya zahanati, na chumba kimeketi kwenye benchi kati ya wajawazito, kimejishika kiuno.

"Namngoja mgeni wangu," kinasema. "Ile printa kubwa, yenye kelele."

"Ilikufa mwaka juzi."

"Hakuna aliyeniambia." Kikajisogeza kwenye benchi. "Basi ingia wewe. Mtu anakaribishwa, anasimama mlangoni kama mdai? Nani alikulea?"

Nusura niingie. Mguu umeshainuka ndipo nikakumbuka: nikiingia, kitakuwa kinatumika, na kinachotumika hakibomolewi. Nikaushusha mguu. Nikainua nyundo.

Kilianguka taratibu, kikijipangusa vumbi. Walinzi wakaramba vijiko, wakaenda zao.

"Niombe radhi angalau," kikasema kifusi.

Nikaamka. Kompyuta ya zahanati, niliyoileta nyumbani na kuizima jana, inawaka mezani. Programu ya kadi imefunguka. Maeneo ya kumbukumbu, yaliyokuwa matatu, ni mawili. Kando ya kibodi pana kijiko ambacho si changu, na chini ya skrini mstari mmoja unangoja jibu: Niombe radhi.

Nikaandika: Siombi. Kisha nikaenda kumpigia Nesi Tunu simu.