Maziwa ya Jumamosi

Melkior alipiga magoti kwenye sakafu yenye utelezi ya kituo cha maziwa, akachomoa sili, ile pete inayozuia pampu isivuje, na kuipangusa kwa pindo la shati. Uso wa sili, uliopaswa kuwa laini kama yai, ulikuwa umejaa mikwaruzo. Akachovya kidole katika glaikoli, ile dawa isiyoganda inayozunguka kuyapoza maziwa, akaisugua. Mchanga.

"Sili nyingine hiyo!" Meneja Wenseslaus alisimama mlangoni, viatu vyake visije vikalowa. "Hivi unazifungaje wewe?"

"Si kufunga, meneja. Dawa imezimuliwa kwa maji ya mfereji, na mchanga wake ndio unaokula sili. Tumwage yote, tutie dawa safi. Mashine isimame siku moja tu."

"Isimame? Maziwa ya Kibosho nzima niyaweke mfukoni? Maji ni maji. Funga."

Hivyo hivyo ndivyo alivyojibiwa Sirili, mdogo wake Melkior, mwaka uliopita. Sili ilikuwa inavuja. Sirili akaomba pampu izimwe apanguse sakafu, akakataliwa, akateleza, na mkono wake wa kulia ukaenda na shafti, kile chuma cha pampu kinachozunguka. Kampuni, iliyokuwa imekinunua kituo kutoka kwa chama cha ushirika, ikasema alikuwa amelewa mbege. Sirili, ambaye hata msibani huomba maji! Wakamfukuza na bandeji yake.

Melkior alibaki kazini, na kijijini wakasema hana uchungu na damu yake. Uchungu alikuwa nao. Alimchukia Wenseslaus hadi kikohozi chake. Ila simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Jumamosi ile tangi lilikuwa limejaa, na lori lisingekuja hadi Jumatatu. Melkior alifunga sili mpya vizuri, asipatikane na kosa. Kisha akaizungusha koki inayoingiza dawa kwenye pampu hadi ikabaki imefunguka kidogo tu. Pampu ikienda kavu, sili huungua. Sili ikiungua, dawa humwagika. Dawa ikiisha, maziwa huchacha. Na tangu enzi za ushirika, maziwa yakishapimwa mizani ni ya kituo, na hasara ni ya kituo. Wenseslaus akawaeleze wenye kampuni. Wamfukuze naye, tena hadharani.

Jumapili alikwenda misa, akaimba kwa sauti ambayo mkewe alikuwa ameisahau.

Jumatatu asubuhi harufu ilimpokea getini. Wakulima walijaa uani na ndoo zao. Wenseslaus akatoka, shati limenyooshwa, uso mkavu.

"Poleni, wazazi wangu. Maziwa ya Jumamosi yameharibika."

"Poleni ninyi," alijibu mama mmoja, Margareta. "Hasara si yenu?"

"Sivyo, mama. Kwa utaratibu mpya, maziwa ni ya mkulima mpaka yapande lori. Yale hayakupanda. Kila aliyeleta Jumamosi, leo anamimina bure kwenye lori kufidia, maana yale alishaandikiwa malipo. Asiyetaka, asilete tena."

"Nani alituambia?"

"Tangazo lilibandikwa ofisini."

"Na yaliyochacha?"

"Yanakwenda Sanya Juu, kwa nguruwe."

"Nguruwe wa nani?"

Wenseslaus aliangalia saa yake, akaamuru mstari usogee.

Melkior aliutazama mstari. Ndipo nyuma ya Margareta alipoona mkono wa shati uliofungwa fundo. Sirili aliishi kwa ng'ombe mmoja, maziwa akiwauzia walimu wa shule ya misheni, na alikuwa ameapa hatakanyaga tena kituoni.

"Shule imefunga," Sirili alisema kabla hajaulizwa. "Nikaona kiapo hakijazi tumbo, nikaleta Jumamosi. Kumbe nimekuja kuwanywesha nguruwe."

"Sirili..."

"Wewe una kosa gani? Si ni hiyo pampu yao." Alitazama chini. "Na watoto hawajabakiziwa hata kikombe. Yote ni haya."

Walifika kwenye lori. Sirili aliinua ndoo kwa mkono wa kushoto, ikayumba, akaishusha.

"Nishikie kitako, kaka."

Melkior akashika. Ndoo bado ilikuwa na joto la ng'ombe.

"Angalieni," Wenseslaus alisema, akisogeza viatu vyake pembeni, "msimwage."

Melkior akainua, maziwa yakaanza kushuka kwenye lori.