Umeme Usio na Waya

Shemeji yangu aliacha vidonge vyake vyote kwa mpigo mmoja, hakumwambia mtu, na wiki haijaisha akaanza kupigwa na umeme ambao haukuwepo.

Huyu shemeji ni mume wa mdogo wangu. Tulikuwa na karakana ya watu wawili: mageti, grili za madirisha, vitanda vya bweni. Mimi nakata na kusaga, yeye anachomelea. Mkono wake ulitulia mpaka wateja wakamwita Cherehani, maana alama ya moto aliyoiacha kwenye chuma ilikaa kama mshono wa shati. Mimi sikuwa na kitu kingine zaidi ya karakana ile. Shule niliikimbia mapema, mke akanikimbia mimi, na chuma ndicho kilichokubali kukaa nami.

Mashine yetu ya kuchomelea niliitengeneza mwenyewe. Nilizungusha nyuzi za shaba kwa mkono kwenye moyo wa chuma, safu juu ya safu, kila safu nikaivisha kitambaa na kuipaka vanishi, kisha nikaisitiri yote ndani ya boksi la friji bovu. Wenye mashine za dukani walitucheka. Zao zikiungua walikuja kuazima yetu, na kicheko wanakiacha kwao.

Vidonge alivianza baada ya kipindi kibaya. Asubuhi moja nilimpitia twende kazini, nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda ameshika soksi. Nikaenda peke yangu. Mchana nikarudi, soksi bado iko mkononi. Mdogo wangu alikuwa anawaambia majirani mume wake ana homa. Nikamwambia, homa gani hii isiyo na joto, mvalishe viatu. Hospitali nilimpeleka mimi, na nilikaa kwenye benchi pembeni yake daktari akimwambia kwamba dawa hii ni ya huzuni iliyozidi, na siku utakayotaka kuiacha usiiache mwenyewe, njoo kwangu kwanza.

Ile dawa haikumfanya acheke ovyo. Ilimfanya avae soksi. Kwangu mimi ilitosha.

Basi tukapata kazi ya Bwana Mbao. Tulimwita hivyo kwa kuwa alikuwa na yadi ya mbao, na kichwa chake vilevile hakikuwa laini. Alitaka geti la kusukuma, pana, la kupitisha malori. Akasema, "Geti likinipendeza, paa la ghala langu jipya ni lenu. Lisiponipendeza, msinipungie mkono barabarani." Paa la ghala kwa watu kama sisi lilikuwa kazi ya kutuvusha mwaka mzima. Kabla ya hapo tulikuwa tunaishi kwa kuziba masufuria.

Tulikuwa tumeshaunga fremu ya nje Shemeji aliporuka.

"Shemeji! Mashine yako inauma."

Nikazima. Nikapima boksi kwa testa, kimya. Nikaligusa kwa mgongo wa mkono, kimya. Nikakagua waya wa ardhini, nikakaza koleo lake.

"Mimi hainiumi."

"Inaniuma mimi."

"Kwa hiyo inachagua?"

"Labda imenipenda."

Tukacheka, tukaendelea. Kabla ya chakula cha mchana ikampiga tena, na tena. Alisema haianzii mkononi kama shoti ya kawaida. Inapiga ndani ya kichwa, nyuma ya macho, inatoa mlio kama wa nzi aliyenaswa kwenye taa, halafu midomo inakufa ganzi na dunia inachelewa kidogo kumfuata. Na kila mara inakuja akimaliza mstari. Hilo ndilo lililotupoteza. Mchomeleaji akimaliza mstari huinua kofia ya kinga na kutupa jicho pembeni kutafuta pa kuunga tena. Jicho lilipokwenda pembeni ndipo kichwa kilipopiga. Sisi tukaona mashine, kwa kuwa mashine ndiyo iliyokuwa mbele yetu. Mpishi angelaumu chakula.

Akaanza kuja kazini na buti za mpira. Kisha akasimama juu ya ubao mkavu. Kisha akavaa glavu mbili mbili, moja juu ya nyingine, na mkono uliokuwa unashona chuma ukawa unakibandika kama mtu anayepaka tope. Jasho lilimtoka hata asubuhi ya baridi. Alikuwa anatapika nyuma ya karakana, anarudi anasema ni moshi. Kijiti cha kuchomelea kiliganda kwenye chuma, jambo linalomtokea kila fundi, na yeye akaketi chini akalia. Akafuta macho, akanitukana kwa kumwangalia.

Mimi nilifungua mashine mara mbili. Nilikagua kila kiungo. Siku nzima nzima zilipotea tukiwa tumezima, na Bwana Mbao anapiga simu.

"Shemeji, mashine haina kosa," nikamwambia.

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema haina kosa, na mimi inanipiga. Mmoja kati yangu na hilo friji lako ni mwongo. Chagua."

Mdogo wangu naye alinipigia. "Kaka, mmemfanya nini huko kazini? Amemfokea mtoto kwa kuangusha kijiko, na usingizini anapiga mateke kama punda." Nikamwambia ni uchovu, geti likiisha atatulia. Nilimjibu haraka kwa sababu nilikuwa na grenda mkononi.

Bwana Mbao hakungoja kuitwa. Alikuja mwenyewe, akamkuta Cherehani juu ya ubao, buti za mpira, glavu nne.

"Hapa mnachomelea geti au mnazibua choo?"

Shemeji akainua kofia, akageuka kumtazama, na papo hapo ikampiga. Kishikio cha kijiti kikamponyoka, kikaangukia geti, cheche zikaruka mpaka kwenye viatu vya mteja. Bwana Mbao akarudi nyuma akishika koti. Mimi nikakimbilia swichi.

"Umeona?" Shemeji akaniambia, na sauti haikuwa yake. "Umeona sasa? Unaniua mbele za watu. Umetengeneza jeneza ukaliita mashine."

"Shemeji, punguza sauti."

"Nipunguze nini? Wewe hujawahi kumaliza kitu kikakamilika. Kila kitu chako nusu. Ndiyo maana hata mkeo aliondoka, alichoka kuishi na mwanamume nusu."

Watu wa karakana za jirani walikuwa wamesimama. Mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mimi nilikunja waya, mviringo juu ya mviringo, kama vile ndiyo kazi niliyotumwa.

Bwana Mbao akajipangusa viatu. "Mkimaliza mambo ya ukoo wenu mniite," akasema. "Lakini msichelewe."

Kesho yake nilichelewa makusudi. Sikutaka kuiona sura yake. Nilipofika niliona kwanza boksi la friji limelala kifudifudi nje, tupu. Kisha nikaona shaba. Alikuwa ameipasua mashine kwa patasi na amezinyofoa nyuzi zote, zimetawanyika uani kama matumbo ya mnyama aliyechinjwa na mtu asiyejua kuchinja. Vitambaa vyangu, vanishi yangu, vimechanika. Na yeye ameketi katikati, anavuta waya kati ya vidole, kipande baada ya kipande, anatafuta mahali palipochubuka.

"Iko humu humu," akasema bila kuniangalia. "Nitaipata tu."

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu, niliyapanga njia nzima. Nilipomwona yakakwama. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, shati limelowa.

"Umeme umeuzimia wapi?" nikauliza.

Akanionyesha. Plagi ilikuwa chini, karibu na mguu wangu. Nikaiokota. Haikuwa imeunganishwa na kitu chochote, upande wowote. Upande mmoja ukuta, mbali. Upande mwingine waya uliokatwa.

Akageuza macho kuitazama ile plagi, akaruka. Mwili mzima ukaruka, waya ukamtoka mkononi.

"Imenipiga," akasema.

Tukabaki tunaiangalia plagi mkononi mwangu, mafundi wawili wazima.

"Nyumbani je?" nikamuuliza. "Inakupiga nyumbani?"

"Hata kitandani."

"Kitandani kuna waya gani, Shemeji?"

Akaokota ule waya uliomtoka mkononi.

"Na msalani?"

"Hata msalani. Nilidhani umeniingia mwilini, haujanitoka."

Hapo ndipo nilipokumbuka lile benchi la hospitali. Ningekumbuka mapema kama ningekuwa mtu wa kukumbuka mambo ya kichwa. Mimi nakumbuka vipimo vya chuma.

"Vidonge unameza?"

Akaanza kukusanya nyuzi za shaba, kama mtu anayekusanya nguo zake mbele ya wageni.

"Niliviacha," akasema. "Nilikuwa nimepona. Gari likishapona hulilazi gereji."

"Uliviacha vipi?"

"Nimeviacha tu. Huzuni haijarudi, Shemeji. Naapa haijarudi. Ingerudi ningejua ni hiyo. Hii ni umeme."

Nilimpeleka hospitali na nguo zilezile za kazi. Daktari alikuwa yuleyule. Alimsikiliza mpaka mwisho, pamoja na habari za buti za mpira, na hakucheka. Mimi nilikuwa tayari kugombana naye kama angecheka.

"Hakuna umeme uliokuingia," alimwambia. "Kichwa chako kilizoea dawa, ukaiondoa ghafla. Sasa kinalalamika. Wengi wanaoacha ghafla wanaeleza hivyo hivyo, kama shoti, hasa wakigeuza macho. Kizunguzungu, jasho, ndoto mbaya, hasira, vyote ni humo humo."

"Kwa hiyo mimi ni teja?" Shemeji akauliza.

"Hapana. Teja anataka zaidi. Wewe hutaki hata hicho kidogo."

"Basi tofauti ni nini, kama siwezi kukiacha?"

"Utaweza. Lakini utashuka ngazi moja moja, hutaruka kutoka ghorofani."

Akamrudishia dawa. Shoti zikapungua, kisha zikawa za hapa na pale. Alipokuwa na nafuu ya kutosha, daktari akaanza kumpunguzia, taratibu sana, na kila akipunguziwa zilirudi kwa siku kadhaa, dhaifu, kama mgeni anayegonga mlango kwa adabu. Alijifunza kugeuza shingo nzima badala ya macho, kama bundi. Mdogo wangu alimwekea kiti dirishani, na zikija anafumba macho, anashika mikono ya kiti, anahesabu pumzi mpaka zipite. Hakumfokea mtu tena. Hakuzungumza sana pia. Nilipokwenda kumtazama alinyanyuka akaingia chumbani, na mdogo wangu akaniambia, "Kaka, anaona aibu. Mpe muda." Nikampa. Nilimpa muda mwingi mno, na muda nao ukizidi unakuwa ukuta.

Siku moja alitoka akanikuta mlangoni. "Shemeji," akasema, "yale maneno. Siku ile."

"Ulikuwa mgonjwa."

"Ndiyo. Lakini nisamehe."

"Nimekusamehe."

Tukashikana mikono. Nilitaka kumwambia turudi karakana. Nilifungua mdomo, nikaona vidole vyake vinavyojishika vyenyewe, nikaufunga.

Huku nyuma, yeye akiwa bado mgonjwa, geti nilijaribu kulimaliza. Niliwaendea wale waliokuwa wanaazima mashine yetu, kumbe siku hiyo kila mashine ina kazi na kila fundi ana safari. Bwana Mbao akatuma lori likalichukua geti kama lilivyo, limeungwa nusu.

Nilichoona kimeondoka ni hiki. Mashine moja, ambayo sasa ni shaba ya kuuza kwa kilo, na sina macho tena ya kuzungusha nyingine. Geti moja, lililomaliziwa na wengine, na ukipita pale unaona bila kuambiwa mshono wake unakatika wapi. Paa la ghala. Karakana, ambayo sasa mtu mwingine anatengenezea viti vya plastiki, na mimi nasaga visu na mapanga nje ya soko. Mkono wa Cherehani: mwenyewe anauza misumari na bawaba dukani kwa mtu, na akisikia mashine ya kuchomelea inanguruma anavuka barabara. Mtoto wa mdogo wangu, aliyekuwa ananikimbilia, siku hizi ananisalimia kwa adabu. Na lile neno kuhusu mke wangu. Aliliombea msamaha nami nikasamehe, na ugonjwa ndio uliolisema, hilo nalijua. Lakini alikuwa amelitoa mahali fulani ndani yake, na mimi pia nilikuwa nimeshalifikiria kabla yake.