Nani Anawika kwa Akina Haldeman

Mwezi wa nne, vijana wafugaji wa Harlan Fork, Ohio, walipokutana kuchagua kuku wa kufuga kwa ajili ya maonyesho ya wilaya, mlezi wao Bi. Verna Stutzman aliwashauri wachukue Orpington. Ni kuku mkubwa na mpole, na hakimu wa mashindano akimshika hapigi mabawa. Watoto wote walimsikiliza isipokuwa Tamsin Haldeman, msichana wa miaka kumi, aliyetaka Sebright.

"Binti, hao ni wadogo kama njiwa, na hawatulii," Bi. Stutzman alisema.

"Nitawatuliza."

"Mimi sijawahi kuwafuga. Ukija na swali, sina jibu."

"Sitakuja na swali."

Tamsin alipenda manyoya yao: kila unyoya mweupe, umezungushiwa ukingo mweusi mwembamba kama wa wino. Baba yake, Royce, alikubali kwa sharti moja. Nyumba yao ilikuwa mjini, na dirisha la chumba cha kulala cha jirani yao, Bi. Bodenheimer, lilitazama ua wao.

"Atakayewika ataondoka," Royce alisema. "Siku hiyohiyo, na sitaki machozi."

Muuzaji aliwapa vifaranga watatu na kukiri kwamba hajui yupi dume, yupi jike. Tamsin aliwaita Mabel, Juniper na Opal. Opal alizoea kulala begani kwake saa nzima, na ndiye Tamsin aliyemchagua kwenda naye kwenye maonyesho.

Mwezi wa saba Royce aliwakagua mmoja mmoja kwenye ngazi za baraza. Alikulia shambani, na kipimo chake kilikuwa sahihi kwa kuku wote aliowahi kuwafuga: jogoo ana manyoya yaliyochongoka shingoni na kiunoni, na mkia wa manyoya marefu yaliyojikunja. Hawa watatu walikuwa na manyoya ya mviringo kuanzia shingoni hadi mkiani.

"Majike watupu," akaamua.

Wiki iliyofuata mmoja wao akawika.

Kila Royce alipokimbilia uani aliwakuta watatu wakiparua udongo, midomo imefumbwa. Mara kwa mara yai dogo lilionekana kiotani, lakini wote watatu walikuwa na tabia ya kukaa humo, hivyo nalo halikusaidia kitu.

"Royce, una jogoo," Bi. Bodenheimer alisema kutoka ng'ambo ya ua.

"Sina, mama. Wote ni majike."

"Basi mmoja wa majike wako ananiamsha kabla ya jua. Usinieleze habari za manyoya. Mimi nataka usingizi."

"Nipe muda nimjue ni yupi."

"Unaishi nao na humjui?"

Siku moja kabla ya maonyesho, Tamsin alimwosha Opal kwenye sinki la jikoni, kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu. Royce alikuwa akishika taulo. Opal alikuwa amefumba macho, povu limemfika shingoni, mlio ulipotoka uani, mkali na wa kukwaruza.

"Umesikia, baba? Opal yuko hapa!"

"Nimesikia."

"Kwa hiyo si yeye."

"Si yeye," Royce alikubali, akashusha pumzi. Opal akaandikishwa katika daraja la mitetea, yaani majike ambao hawajatimiza mwaka.

Hakimu, mzee mwembamba aliyevaa koti jeupe, alimtoa Opal kizimbani, akamfungua bawa, akampapasa mifupa ya nyonga, akautazama kwa muda undu mwekundu wa kichwani, uliokuwa mpana kuliko wa mitetea wa jirani.

"Nani alikuambia huyu ni mtetea?"

"Baba. Manyoya yake ni ya mviringo."

"Ya Sebright wote ni ya mviringo, mwanangu. Dume wa aina hii huvaa kama jike, na akivaa vingine tunamtoa. Huyu ni jogoo, tena mzuri. Lakini yuko katika daraja lisilo lake, kwa hiyo simpi nafasi."

Tamsin hakulia. Alimgeukia baba yake, aliyekuwa ameshika glasi ya maji ya limau bila kunywa.

"Lakini aliyewika alikuwa nje."

"Najua. Nilikuwepo."

"Basi kuna jogoo wawili?"

"Au mmoja, na jike anayewika. Wapo, mara chache." Royce alisugua paji la uso. "Na yai lazima kuna aliyetaga. Sijui, Tam. Nilikuwa najua kuku."

"Ulisema atakayewika ataondoka. Hukusema jogoo."

Royce alifikiri. Ndivyo alivyosema.

"Opal hajawika," Tamsin alisema. "Una ushahidi?"

"Sina."

"Basi anabaki."

"Anabaki hadi nimsikie kwa masikio yangu. Na kesho nitakaa uani nimkamate huyo mwingine, awe nani."

Jioni walirudi kwa gari, kizimba kikiwa mapajani mwa Tamsin. Walipofika karibu na daraja la mto, Opal alisimama, akanyoosha shingo, akapanua mdomo. Sauti iliyoanza kutoka ilikuwa nyembamba, bado haijakomaa.

Royce alinyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio.